Nilimpa bibi wa miaka 69 sifuri kwenye shairi la kukataa uzee, kumbe darasa zima ni yeye tu aliyelielewa

Wakuu, habari za muda huu.

Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwaka juzi, nimeona nilitoe hapa ambapo hakuna anayeijua sura yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Arusha. Asubuhi nipo shuleni, jioni napiga part-time kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaorudia au wanaosoma form four ukubwani. Naishi Engutoto, kwetu ni Olmotonyi. Mwarusha kabisa.

Darasa lilikuwa na watu kama thelathini: bodaboda, madada wa saluni, mlinzi mmoja anayekuja na sare yake.

Na Bibi Elipenda.

Huyu ni Mmeru, mkulima wa Nduruma. Zamani aliacha shule form three akaolewa, akalea watoto saba, akamzika mume, ndipo akasema sasa anarudi kumaliza kiporo chake. Alikaa benchi la mbele, daftari limefunikwa kwa gazeti, miwani imefungwa kwa uzi.

Kila siku ilikuwa kichekesho. Nikiingia, darasa linasimama kunisalimia mimi, halafu mimi nainama benchi la mbele: "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Haya, tufundishe."

Sasa, mwenye kituo alikuwa na sheria yake. Ukifeli mtihani wa majaribio wa Kiswahili hakusajili kwa mtihani wa taifa, unasubiri mwakani. Vijana walichukulia poa tu. Bibi akaniambia siku moja, akicheka, "Mwalimu, kwa hawa watoto mwakani ni mwaka. Kwangu mimi mwakani ni bahati."

Mtihani ule niliutunga mimi. Na kwenye sehemu ya ushairi sikuchukua shairi la kitabuni, niliweka la kwangu mwenyewe bila jina. Lilinitoka kwa mkupuo siku moja, sababu nitaifikia. Nililipenda sana, wakuu, msinicheke. Ubeti wake wa kwanza huu hapa:

Ewe uzee nyamaza, hapo hapo mlangoni,
Kitasa nimekikaza, sikupi kiti cha ndani,
Nawe kifo ukiwaza, kunishusha kaburini,
Jua nitakufukuza, sitakufa asilani!

Swali: Mshairi ana mtazamo gani kuhusu uzee na kifo? Thibitisha.

Marking scheme yangu ilisema: mshairi ni jasiri, ana msimamo, haogopi kifo. Alama kumi.

Karibu wote waliandika hivyo hivyo. Jasiri, shujaa, ana confidence.

Bibi Elipenda aliandika: "Mshairi anaogopa sana. Tena namwonea huruma."

Nikampa sifuri.

Ningeweza kusema nilifuata marking scheme, lakini nimeahidi ukweli. Ile sentensi iliniuma. Nikapiga sifuri kubwa kwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka. Nilipojumlisha, bibi alikuwa amepungukiwa alama nne tu za kufaulu. Nikaona, na nikaiacha hivyo hivyo.

Ujinga haukuishia hapo.

Siku ya kurudisha karatasi nililisoma lile shairi kwa sauti, kwa madoido yote, kisha nikasoma jibu la bibi kama mfano wa mtu asiyeelewa swali. Sikutaja jina. Ila nani tena darasani angeandika "namwonea huruma"? Vijana wakacheka. Bibi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba nijitetee."

Akasimama. Dah, wakuu, natamani ningerekodi.

"Mtu anayekaza kitasa ni mwoga. Mimi kwangu nikiwa na amani, mlango uko wazi, kuku wanaingia wanatoka. Nikikaza kitasa ujue nimesikia kitu."

Darasa likacheka tena, lakini safari hii wanacheka upande wake.

"Halafu huyu mshairi si mzee. Anamwambia uzee nyamaza. Uzee hauna kelele, jamani. Mimi wangu ulianzia kwenye goti la kushoto, wala sikuusikia ukipita. Mzee angeandika habari za goti."

Yule mlinzi akapiga meza kwa kicheko. Bibi hakucheka.

"Na jambo la tatu. Angeweza kusema kifo ukitaka kuniua. Hakusema hivyo. Amesema kunishusha kaburini. Huyu amesimama pembeni ya shimo akaona mtu anashushwa, tena juzijuzi. Hapigani na kifo chake, analia. Ndiyo maana nikaandika namwonea huruma. Kama ni kosa, mwalimu, nisamehe."

Akakaa.

Nimesoma chuo miaka mitatu, nimefundisha ushairi miaka tisa. Sijawahi kusikia uchambuzi kama ule. Alichukua maneno matatu yaliyomo kwenye shairi, kitasa, nyamaza na kunishusha, akamtoa mshairi mafichoni. Sisi wengine wote tulisikia kelele za mshairi tukadhani ni ushujaa. Hata mimi niliyeliandika.

Nikawaambia darasa tutaendelea kesho. Nilikuwa natafuta pa kuweka uso.

Bibi alibaki anakusanya vitu vyake polepole. Wengine walipotoka, akauliza bila kuniangalia, "Mwalimu, ni baba au ni mama?"

Nikajifanya sijaelewa.

"Wakati unatusomea hukutazama karatasi hata mara moja," akasema. "Shairi la mtu mwingine mtu hulisoma akiwa ameliangalia."

Nikasema, "Ni baba."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu." Hapo tulikuwa mwezi wa saba.

"Pole sana mwanangu. Ulinyoa?"

Kwa ambao si wa huku: kwetu, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Familia inakusanyika, wafiwa wananyolewa nywele, ndipo maisha yanaendelea. Hata sisi wa kanisani tunanyoa. Mimi siku ile sikuwepo. Baba alizikwa Alhamisi, Ijumaa asubuhi nikaaga kwamba nina mitihani ya kusahihisha. Haikuwepo. Nilikaa chumbani Engutoto siku nzima, na lile shairi likanitoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo sikupanda tena Olmotonyi. Mama akipiga simu nasema nimebanwa na kazi. Kutoka Engutoto hadi kwetu hata saa moja haifiki.

Ukweli ni kwamba nilimwona mama pale kaburini amekuwa mdogo ghafla, kanga inamzunguka mara mbili. Sikutaka kuona tena.

Nikamjibu bibi, "Sikunyoa."

Hakunihubiria. Alisema tu, "Basi nenda. Nywele hizo anayezisubiri ni mama yako." Akafunga begi. Kuhusu alama zake hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jioni ile ile nikaifuta ile sifuri nikampa kumi. Nikaenda kwa mwenye kituo nikamweleza kwamba nilikosea kusahihisha, na kwamba shairi ni langu. Alinisema sana, na alikuwa na haki. Bibi akasajiliwa.

Jumamosi nikapanda Olmotonyi.

Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa uani anapembua maharage. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga na maneno. Hakunipa nafasi. Aliniangalia kichwani, akaingia ndani, akatoka na kigoda, beseni la maji na wembe.

Wembe ule ulikuwa bado kwenye karatasi yake. Ulinunuliwa kwa ajili ya ile siku, wa kwangu, akauhifadhi ndani ya Biblia miezi minne yote.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Alininyoa taratibu, akanikata sehemu mbili. Nililia kama mtoto, wakuu, na yeye akaendelea kuninyoa.

Bibi Elipenda alifanya mtihani wa taifa akafaulu. Kiswahili alipata B. Cheti kilipotoka alinialika Nduruma kula ndizi. Nilikikuta kwenye fremu sebuleni, na chini yake kuna karatasi ya daftari yenye mwandiko wake:

Karibu uzee keti, chai iko mafigani,
Nawe kifo sikuiti, wala simo mafichoni,
Ninasoma kwa wakati, kalamu i mkononi,
Subiri nipate cheti, kitundikwe ukutani.

Nikamtania, "Bibi, cheti si umeshapata? Sasa kifo akija utamwambiaje?"

"Nitaongeza ubeti," akasema. "Nimeshaulizia form five."

Nilichojifunza: kuna kukataa uzee kwa kukaza kitasa, na kuna kukataa kwa kuendelea na kazi zako huku mlango uko wazi. La kwanza nililiandika mimi kwa vina na mizani. La pili analiishi bibi wa Nduruma mwenye goti bovu. Tangu siku ile sijatoa sifuri bila kumuuliza mwanafunzi kwa nini ameandika alichoandika.

Walimu wenzangu karibuni mniseme, nimestahili. Wapenda ushairi, chambueni beti zote mbili mnavyoona.

Na kama kuna mkuu humu ambaye mpaka leo hajaenda kunyoa, aandike tu hapo chini. Hakuna atakayemcheka.