Jina Lililoongezwa Kwenye Sala

Nilichokiona kwanza ni mikono yake: mlinzi huyu, mzee wa kikundi chetu cha sala, huvua kofia ya kazi na kuikumbatia kifuani kabla ya kuomba. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo sisi Wakristo hapa Doha huitumia kwa ibada, huwataja watoto wetu walio Kenya kwa majina, na binti yake aliye Kanada humtaja mwisho. Leo tumebishana kuhusu ndoa za jinsia moja, naye akasema wazi kwamba Biblia haiziruhusu. Kisha akaomba, akamtaja binti yake, akaongeza: "Na Carolyne, anayefunga naye ndoa leo."

"Mzee, umehubiri hapana, ukaomba ndiyo!" Eugene, mdogo wetu kundini, alimtania.

"Nimeombea watoto, kijana. Harusi sijaiombea."

Binti aliahidi kupiga simu kabla ya harusi, mradi baba akubali kuzungumza na wote wawili. Simu yake imelala ndani ya kofia, naye haiondolei macho, akisubiri iite.