Sahani Yenye Rangi ya Kucha

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinitenga kabla eda haijesha. Sisi wa Tibirinzi, hapa Pemba, hula sinia moja, wanawake watano sita. Siku ya arubaini ya kaka yake alinitilia wali kwenye sahani ya bati, kaipaka ukingoni rangi nyekundu ya kucha isije ikachanganywa na nyingine, akanikalisha pembeni peke yangu. Kila mtu alijua UKIMWI ndio uliomuua mume wangu.

Miaka ile ya vyama vingi Pemba tulikuwa tumegomeana. Mtu hanunui chumvi duka la mwenye chama kingine, wala hendi kumzika. Lakini kunitenga mimi, vyama vyote vilikubaliana! Niliwachukia, na wifi nilimchukia zaidi.

Dawa zilipofika hospitali, wenzangu wenye virusi walimeza kwa ajili ya watoto wao. Mimi nilimeza ili wifi anione nimenona. Nikanona. Mwishowe kipimo kikaonyesha virusi havionekani tena damuni. Aisifuye mvua imemnyea, basi kliniki wakaniomba nizungumze na wagonjwa wapya.

Asubuhi moja wifi akabisha hodi. Binti yake mja mzito alikuwa amepimwa, kaonekana ana virusi, kajifungia chumbani na dawa hazitaki.

"Wifi, nenda kaseme naye. Mie hanisikii. Labda akimuona mtu aliyepona."

"Sijapona," nikamwambia. "Ila sijafa. Kaa tule kwanza."

Nikaitoa sahani ile. Nilikuwa nimeitunza miaka yote. Nikapakua wali na samaki, nikaiweka katikati yetu. Aliitambua. Nikamsogezea karibu. Angekataa, Mungu ananijua, nisingetoka nyumbani siku ile. Alikula huku analia, na sikumwambia anyamaze. Tulipomaliza nikavaa buibui tukaenda kwa binti.

Binti alimeza dawa. Mtoto alizaliwa, akapimwa tena na tena, hana virusi.

Sijasamehe. Kila Idi wifi huja na mjukuu wake, na mimi humpakulia mtoto kwenye sahani ile ile. Ameizoea, nikimpa nyingine huisukuma. Bibi yake huikodolea macho ile rangi nyekundu.

"Anakula vizuri, wifi," humwambia, nikimwongeza mtoto mchuzi. "Kama mie."