Kopo la Sifa na Maziwa ya Mama Neema

Jamani, kosa ni langu. Msimtafute mchawi, wala msimlaumu mke wangu. Ni mimi na mdomo wangu!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu vya nje. Nilikuwa na kaduka mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, nauza sabuni na betri, basi nikajiona mjanja wa mji. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza, Neema.

Siku moja nikaona maziwa yake yamedondokea kwenye khanga. Mepesi kweli! "Mama Neema, haya ni maziwa au maji ya mchele?"

Akanijibu kwa upole, "Baba Neema, mtoto ananyonya, analala, anakojoa. Unataka nini tena?"

Nilitaka sifa, ndugu zangu! Kesho yake nikaja na kopo la maziwa ya unga, lina picha ya mtoto mwenye mashavu kama maandazi. Nikaliweka juu ya kabati, kila mgeni alione.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Changu kinaishia kwenye salamu, lakini nilikunja uso kama msomi, nikakoroga kwa kukisia. Mungu wangu!

Wiki haikuisha, Neema akaanza kuharisha. Macho yakaingia ndani. Chupa ameshaizoea, titi analikataa, na maziwa ya mama yakapungua. Badala ya kunyamaza, nikafoka, "Si nilikwambia huna maziwa!"

Neno hilo linaniuma mpaka leo. Mke wangu aliinama tu, machozi yakamdondokea mtoto.

Tukambeba, mvua ya Tukuyu ikitunyeshea, mpaka kwa nesi wa zahanati. Alipokwisha kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, akanigeukia.

"Wewe si mwenye duka? Wateja wasipokuja, unaagiza mzigo?"

"Siagizi, mama."

"Basi na titi ni hivyo hivyo. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unapata habari. Unatoa homoni ya kutengeneza maziwa, na nyingine ya kuyasukuma yatoke. Wewe mteja umempeleka kwenye kopo! Halafu unamfokea mama. Akiwa na hofu, ile ya kusukuma inagoma. Na hayo mepesi uliyoyacheka yanamkata mtoto kiu, mazito yanafuata. Kinga ya magonjwa imo humo. Kwenye kopo lako haimo."

Akatuagiza: chupa basi, mtoto awekwe titini kila mara, na mimi nifunge mdomo, nipike.

Siku ya nne nikaepua ndizi, chini zimeungua, juu mbichi. Nimejifunga khanga ya mke wangu, pua nzima masizi. Akanitazama, akacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, na hapo hapo blauzi ikalowa maziwa. Neema akalidaka titi, akanyonya kwa kelele kama ndama. Nililia, sioni aibu kusema.

Mtoto alipona, akanenepa. Ila mtaani waliniita Baba Kopo mpaka binti alipoanza kutembea!

Kina baba wenzangu, mkeo akinyonyesha, usimpimie maziwa kwa macho. Mpikie uji, mchotee maji, mchekeshe. Na ukikosa la kumwambia, mwambie asante. Mimi nililijua neno hilo mwanangu akiwa ameshakonda.