Mgongo wa Gari Ukutani

Sisi wachomeleaji wa Buyenzi tunakula kwa woga wa watu wengine. Mtu akiibiwa redio leo, kesho anatuita tumtilie nondo madirishani. Kwa hiyo mwizi alipotutembelea sisi wenyewe, mtaa ulicheka kwanza, pole zikafuata baadaye. Tulikuwa mtaa wa Kamenge, mimi na baba yangu, tumepanda ghorofani kumfungia mteja madirisha, na huku chini kamioneti yetu, kigari cha kubebea vyombo, ikafunguliwa mchana kweupe. Mashine ya kuchomelea ilikwenda, ya kukatia chuma ilikwenda, hata nyundo. Mwizi alituachia ndara za baba, labda hazikumtosha.

Baba hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Yeye ni fundi tangu ujana wake, na sasa kila asubuhi ilimbidi aende kwa mafundi wenzake kuazima mashine, asimame pembeni mpaka mwenyewe amalize chai. Nilimwona akichekea mizaha ambayo haikumchekesha. Hilo liliniuma kuliko wizi. Tulipopata vyombo vingine, vilivyokwisha tumika, aliapa kwamba hataazima tena mpaka anaingia kaburini.

Ndipo tukaigeuza kamioneti kuwa gereza. Mlango wa ubavuni tuliuchomelea usifunguke tena. Kati ya viti vya mbele na sehemu ya mizigo tuliweka wavu wa nondo, tukaukaza kwa bolti zilizotoboa paa. Ukabaki mlango wa nyuma, na dawa yake mafundi wote wa mtaani kwetu wanaijua: unarudisha gari mpaka mgongo wake uguse ukuta, na hapo mlango haufunguki hata uwe na funguo za dunia nzima. Baba akaongeza la kwake. Yeye hakosi kailula, ule usingizi mfupi baada ya sala ya adhuhuri, akasema ataulalia humo humo, juu ya magunia, katikati ya vyombo vyake. Anaingia kwanza, halafu mimi narudisha gari ukutani. Majirani waliuliza kama tumemweka mzee rumande. Nilicheka nao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikawaambia, mwacheni alale.

Siku moja ya masika nilimwegesha hivyo, nikavuka barabara kutafuta nondo dukani. Mvua ikanikuta huko. Mvua yetu hushuka kutoka milimani bila hodi, na ikipiga mabati, anayekusemesha unamwona midomo tu. Tulijibana barazani, mafundi wa magari, wauza vipuri, na mama mmoja wa mandazi aliyeingia na jiko lake likiwaka. Ng'ambo niliona maji ya paa la nyumba yakimwagika moja kwa moja juu ya bati la paa la gari letu. Nikafikiria kutu. Sikufikiria kingine.

Mvua ilipopungua, ikaja harufu ya kitunguu saumu. Nilidhani ni mapishi ya mtu. Fundi mmoja wa magari alinusa, kisha akanigeukia.

"We, mawe yenu ya gesi iko wapi?"

Yalikuwa ndani ya gari, kwenye debe, karibu na miguu ya baba. Ni mawe ya kijivu ambayo tunayatia majini ili yatoe gesi ya kuchomelea, na gesi hiyo hunuka hivyo hasa. Maji yalikuwa yamepita kwenye matundu ya bolti zetu. Sijui nilivukaje barabara. Nilipofika ndipo nikasikia ngumi za baba zikigonga bati, taratibu, kama za mtu ambaye ameshagonga sana.

Nikafungua mlango wa dereva. Harufu ilinipiga usoni. Vidole vya baba vilikuwa vimeshika wavu, na uso wake ulikuwa nyuma ya nondo, umelowa. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshatia ufunguo. Kwetu kusogeza gari ni kuwasha gari.

"Usiwashe!" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Apana, mwanangu! Cheche moja tu, tunaisha wote."

Nikauchomoa ufunguo. Nikatoa gia, nikaachia breki ya mkono, nikapiga ukelele. Sikuhitaji kueleza, kwa sababu mtaa huu unaijua harufu ile. Mama wa mandazi alilimwagia jiko lake maji bila kuambiwa na mtu. Wavuta sigara walizizima matopeni. Kusukuma hakukuwezekana, maana nyuma palikuwa na ukuta wetu mzuri, hapapiti hata paka. Basi watu walikuja mbele, wakashika bampa, milango, popote panaposhikika, wakavuta kwa bismillah. Magurudumu yalikuwa yamezama. Gari likatikisika, likarudi palepale. Ndani baba alikohoa, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Ukimya ule sipendi kuuzungumzia hata leo. Wakavuta tena, na safari hii gari likatoka kwenye tope, mlango wa nyuma ukapata nafasi ya kupitisha mtu mwembamba.

Nilikimbilia nyuma nikauvuta. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mashine ya kukatia chuma. Baba alikuwa amepiga magoti akiisukuma mbele yake, na kwa mkono wa pili alikuwa akiburuta ile ya kuchomelea.

"Pokea," akasema.

"Toka kwanza, baba!"

"Pokea, nimekwambia!"

Nikaipokea, nikaitupa matopeni. Sikuwahi kumshika baba yangu kwa nguvu, na sikulelewa hivyo. Siku hiyo nilimkamata shati nikamvuta nje kama gunia. Alikaa chini kwenye manyunyu akitafuta pumzi, macho mekundu, na macho hayo yalikuwa yakiitazama mashine. Nililia kwa hasira mbele ya watu wazima wenzangu, wala sikujifuta.

Gari lilipokauka, na debe la mawe limehamishiwa uani, nilikata mlango mdogo kwenye ule wavu, nikautia komeo upande wa ndani. Baba alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza, alipitisha kiganja pale nilipokata.

"Sasa mwizi akivunja kioo ya mbele, akapenyeza mkono, si ataingia?"

"Ataingia."

"Na mi niko mule ndani?"

"Utamwachia gari, baba. Utatoka."

Akalivuta komeo, akalirudisha. Hakuniangalia.

"Na vyombo?"

"Tutaazima," nikamwambia. "Nitakuwa naenda mimi."