Habari Niliyoletewa Mara ya Pili

Mwanamke wa Kifini alikaa getini kwangu kutwa nzima, theluji ikimjaa mabegani, na mimi nikamwangalia dirishani huku nakunywa chai.

Hapa kwetu At-Bashi, wilaya ya milimani, mtu akimwacha mgeni nje hata mbwa wake anamdharau. Najua. Nilikausha tu.

Sababu ninayo.

Mke wangu Burulcha alikuwa mwimbaji wa maombolezo. Msiba wowote wilayani, anaitwa yeye. Wakubwa wa utamaduni wakampa ile tuzo ya kubadilishana wasanii na watafiti: akakae Ufini miezi mitatu, maana huko nako kuna wanawake wanaolilia wafu kwa nyimbo.

Nafasi ya msindikizaji ilikuwepo. Mume ndiye angekwenda, si ndiyo?

Thubutu! Alikwenda bosi wa ofisi ya utamaduni. Baada ya wiki akarudi na picha zake na koti jipya, akamwacha mke wangu peke yake.

Moyo wa Burulcha ukaugua huko huko, mwisho ukasimama. Mimi nikapigiwa simu nikiwa zizini.

"Mzee, mkeo amefariki. Mwili unakuja Jumanne. Uje na kitambulisho."

Basi. Kama mtu anakwambia umeme utakatika.

Kwetu habari ya kifo haitolewi hivyo. Anatafutwa mtu mwenye ulimi, anakaa na wewe, anazungukia mbali kwa mafumbo, mpaka uelewe na ulitamke neno mwenyewe. Lisipotoka kinywani mwako, linabaki ndani.

Mimi watu waliona nimeshajua, nani ahangaike? Tukazika, wakaenda zao.

Tangu hapo sikuwahi kusema mke wangu amekufa. Nilisema "hayupo". Nilikuwa nakula peke yangu, wa kuongea naye ni ng'ombe. Neno likanikaa kifuani kama mfupa.

Leo tena waniletee Mfini? Nilishasikia amepewa tuzo ile ile, zamu ya upande wao.

Jirani yangu Sadyr akachungulia juu ya ukuta.

"Wewe Tologon! Mwanamke anakusubiri na umejifungia kama bi harusi?"

"Katumwa na ofisi huyo. Anataka kunirekodi nikilia."

"Si ulilie ndani kwenye joto! Akifia hapo, wewe ndiye tutakayekuzika, kwa aibu."

Nikafungua.

Jina lake Riikka. Akavua viatu, akapokea mkate kwa mikono miwili. Nikasubiri atoe kinasa sauti nimfukuze. Hakutoa.

"Baba," akasema. Lugha yetu aliiongea kama Burulcha kabisa, hata ule mtindo wa kuvuta mwisho wa neno. "Nilimwona bata mwitu jike akitua kwenye ziwa letu. Alitoka milimani."

"Bata wanatua kila ziwa," nikamjibu kwa ukali.

"Huyu kila jioni aliangalia upande wa kwao. Ziwa likaanza kuganda. Wenzake wakaruka."

Akauweka mkate chini.

"Yeye hakuruka, baba."

Chai ikanimwagikia magotini.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Yeye mwenyewe, hospitalini. Nilikuwa mwenyeji wake huko, na lugha yenu alinianzisha yeye. Alisema, 'Hao wa ofisini watamwambia vibaya. Nenda wewe.' Niliomba tuzo wakaninyima. Nikaomba tena wakanipa. Niliwaambia nakuja kufanya utafiti." Akatikisa kichwa. "Sina utafiti wowote. Nimekuja kwako."

Nikaweka kikombe chini.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu."

Kisha akakaa kimya, macho chini, akisubiri. Hakunisaidia. Alifundishwa vizuri.

"Burulcha amekufa," nikasema.

"Mke wangu amekufa!"

Nikalia kama wanaume wetu wanavyolia, bonde zima lisikie. Sadyr akaruka ukuta, mkewe nyuma yake, halafu mtaa mzima, kila mtu akija analia toka mbali kana kwamba Burulcha kafa asubuhi hiyo. Wengine walikuwa hawajakanyaga kwangu tangu tulipozika. Chungu kikabandikwa. Riikka akakalishwa na wanawake, akaimba nao.

Nyie wakubwa mnaogawa tuzo na tiketi, sijawasamehe na sina mpango.

Lakini wewe unayesoma hapa: ukipewa kazi ya kupeleka habari ya kifo, usimalizane nayo kwenye simu. Nenda. Kaa chini na mwenzako. Na akishasema mwenyewe, usiondoke.