Kwa Kocha wa Kendwa

Asubuhi niliyoondoka Mji Mkongwe, mama aliniuliza nnakwenda wapi na kanga mpya. Nikamwambia nnakwenda Kendwa, kwa kocha.

"Kocha? Umesajiliwa timu gani?"

Nilicheka naye, lakini moyo ulikuwa mzito. Nafundisha watu wazima kusoma, jioni, katika chumba kimoja cha mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini. Skuli sikufika mbali, ila ndoto zangu kwa darasa lile ni kubwa. Nalo lilikuwa linapungua. Bi Tatu, muuza vitumbua, alishaniambia: "Mwanangu, mwezi huu ukiisha sijasoma mwenyewe ujumbe wa kijana wangu aliyeko Muskat, mie narudi jikoni." Ndipo mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa Bi Zuwena, anayewalea walimu kama sisi.

Njiani, baada ya Mahonda, nilianza kuota madarasa yangu ya baadaye. Tulipofika Mkwajuni nilikuwa nshayapaka rangi yote, kichwani.

Kendwa nilimkuta Bi Zuwena katika banda lake la kusomeshea na wanafunzi wake, kinamama wanaofua katika mahoteli.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umekula?"

"Nshakula."

"Basi fundisha." Akenda kukaa nyuma, kwenye mkeka.

Nikaandika ubaoni, nikaanza kama nilivyozoea: "Tunafua mashu...?"

"Ka!" wakaitikia wote, banda likavuma. Nikajiona mwalimu kweli.

Mchana, tukila muhogo wa nazi, Bi Zuwena aliniuliza, "Nani alisoma?"

"Wote."

"Nitajie mmoja."

Nikajaribu kuwakumbuka mmoja mmoja. Wote walikuwa wakinitazama mdomo. Ubao hakuna aliyeutazama.

"Sasa nifanyeje, Bi?"

"Wewe utajaribu nini?"

Nikanuna kidogo. "Nimetoka mjini kote huko uje uniulize mimi?"

"Naam. Nikikupa jibu langu litakudondoka Mahonda."

Nikafikiri. Mwisho nikasema, labda ninyamaze.

Alasiri niliandika sentensi nzima, nikafunga mdomo. Mara mbili nilitaka kuwasaidia, nikajing'ata ulimi. Hatimaye mama mmoja, Asha, akasoma polepole: "Mashuka ya chumba cha juu."

"Leo Asha kafika ghorofani," mwenzake akamtania, na banda zima likacheka. Bi Zuwena alinitazama tu, akatikisa kichwa kukubali.

Jioni ya pili nilikuwa Malindi. Bi Tatu aliingia na simu yake, akaninyooshea kama kawaida, nimsomee. Nikaficha mikono nyuma.

"Mwalimu, umekwenda Kendwa ukapofuka?"

"Soma wewe, Bi Tatu. Mie nipo."

Akaiweka simu mbali, akaileta karibu. Wenzake walianza kumnong'oneza, nikawaomba wamwachie. Kidole kikatambaa. "Ma-ma. Mama. Nna... nna-ha-mu. Nna hamu na vi-tu-mbu-a vyako."

Aliendelea kutazama kioo, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaifunika simu kwa ncha ya kanga.

"Iliyobaki ntaisoma nyumbani," akasema. "Hii ya mtu na mwanawe."

Siku zote hizo nilikuwa nikiwasomea darasa zima maneno ya kijana wake, nikidhani namsaidia. Bi Tatu alikuwa mlangoni tayari, anavaa viatu.

"Kesho nakuja mapema," akaniambia. "Nataka kujifunza kumjibu."