Magdalena na Watu wa Serapi

Presha ya macho ilimmaliza Aminieli pole pole, na asubuhi moja hakuweza tena kusoma maandishi yake mwenyewe. Akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Mama Vaileth, nisomee ukurasa mmoja tu. Nimesahau nilipoishia."

Magdalena alikuwa nesi mstaafu na Mlutheri wa kweli kweli. Miaka yote hapa mteremkoni mwa Mlima Meru hakuwahi kukigusa kitabu alichokuwa akikiandika mumewe. Kilihusu vyama vidogo vya watu walioabudu miungu ya Misri katika nchi ya Wagiriki wa kale, akina Isisi na Serapi. Aminieli aliyasomea mambo hayo Athene, enzi za ujana wao, huku Magdalena amebaki nyumbani na Vaileth mchanga mgongoni. Moyoni aliona ni miungu hiyo iliyomnyang'anya mume.

Akafuta mikono, akaketi, akasoma kwa sauti kavu kama anayesoma cheti cha dawa.

Ilikuwa habari ya Mmisri mmoja aliyehamia kisiwa cha Delos na mungu wake Serapi. Hakuwa na hekalu. Alimweka katika vyumba vya kupanga. Akafa, mwanawe akashika nafasi yake, kisha mjukuu, Apolonio. Apolonio akaota mungu akimwambia amechoka kukaa nyumba za watu. Kiwanja kilichopatikana kilikuwa kimejaa samadi.

Magdalena akainua uso. "Samadi?"

"Samadi. Wakaizoa, wakajenga. Wakaweka na ukumbi wa kulia pamoja."

"Nani alikuwa anapika?"

Aminieli akacheka. Katika miaka yote ya kufundisha historia hakuna aliyemuuliza swali hilo. "Hawakuandika."

"Baba Vaileth, kwa nini hasa watu hawa? Ungesoma habari za wafalme."

Aminieli akauelekeza uso dirishani, kwenye mwanga asiouona.

"Kule Athene nilikuwa na chumba chini ya ardhi," akasema. "Jumapili walikuja Wahabeshi wawili na Mghana mmoja. Kila mtu aliimba nyimbo za kwao. Tulisonga ugali kwa unga wa ngano, ukawa kama gundi. Mimi niliimba za hapa, kwa Kimeru, halafu nikawaeleza habari zako. Walikujua kwa jina. Nilipokutana na watu hawa kwenye jiwe la Delos lenye maandishi yao nikaona ninawafahamu."

"Hukuniambia."

"Niliona haya. Wewe ulikuwa unalima na kulea peke yako, mimi nilie upweke?"

Magdalena akamshika mkono, akaendelea kusoma mpaka chakula kikaungua.

Wiki chache baadaye jumuiya ya usharika wao ilisali nyumbani kwao. Baada ya ibada, watu wakila loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mzee Kaanaeli, kiongozi wao, akamgeukia Aminieli kwa huruma.

"Pole, mwalimu. Sasa siku nzima unafanya nini?"

Magdalena akaweka chini upawa.

"Tunaandika kitabu," akasema. Akawasimulia yote: safari ya babu, chumba cha kupanga, ndoto, samadi. Aliposema mungu wa Misri, mama mmoja akaguna.

"Sisemi tumwabudu," Magdalena akamwambia. "Nasema walikuwa mbali na kwao, wakatafutana, wakala pamoja."

Kisha mzee Kaanaeli akauliza, "Na wenyeji waliwapokea?"

"Waliwashtaki mahakamani!"

"Ehee! Ikawaje?"

Hapo Magdalena akakwama, walikuwa hawajafika huko katika kusoma. Akamtazama mumewe. Aminieli, aliyekuwa ameinamisha kichwa akimsikiliza, akainuka kitini kama mtu aliyerudishiwa darasa lake.

"Wale washtaki walisimama mbele ya watu," akasema, "ndimi zikawagoma. Wasiweze neno."

Watu wakacheka, hata yule mama aliyeguna. Wakadai zaidi, na walikaa mpaka chai ikachemshwa mara ya pili.

Kitabu kilikamilika kabla ya mvua za masika, Aminieli akisema, Magdalena akiandika. Waligombana sana juu ya ukurasa wa wapishi. Magdalena alitaka uwepo, mumewe akisisitiza kwamba hakuna ushahidi. Mwishowe Aminieli akakubali sentensi moja: kwamba waliopika hawakuandikwa majina, lakini watu walishiba.